Bandama imevimba, lakini nani anamshambulia nani?

*Shikamoo, Daktari. Nasoma shahada ya uzamili Ujerumani na mradi wangu ni wa kupandikiza seli kwa panya. Nilichukua seli za bandama milioni 50 kutoka kwa panya dume wa ukoo wa C57BL/6, nikawachoma kwenye mshipa wa mkia panya jike chotara, B6D2F1, waliokomaa, bila kuwapiga mionzi. Siku ya kumi nilipopima, bandama zao zilikuwa nzito karibu mara moja na nusu ya za chotara ambao hawakuchomwa chochote. Nikaandika kwenye ripoti kwamba seli nilizopandikiza zimezaliana mpaka zikaijaza bandama, kwa hiyo zinamshambulia mwenyeji. Mwenzangu wa maabara anasema huenda ni kinyume, mwenyeji ndiye anayezikataa. Panya wote walikuwa wachangamfu, hakuna aliyekonda. Msimamizi wangu anataka namba moja tu ya kuonyesha ukali wa mwitikio. Nitumie uzito wa bandama, nifanye MLR (kuchanganya seli za pande mbili kwenye bakuli la maabara), au nisubiri nihesabu vifo? Naogopa jaribio zima limeharibika.*

Marahaba, mwanangu. Jaribio halijaharibika. Kilichotokea ni kwamba hitimisho lako limetangulia ushahidi. Bandama nzito inakuambia kuna mwitikio wa kinga ndani ya panya huyo. Haikuambii ni wa nani dhidi ya nani, wala haikuambii seli zilizojaa humo ni za nani. Hayo mawili unatakiwa kuyathibitisha kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya uthibitisho huo hufanywa kabla hujashika sindano, pale unapochagua panya.

Tuanze na panya wenyewe. Ukoo kama C57BL/6, ambao wengi tunauita B6, umepatikana kwa kuzalisha kaka na dada kwa vizazi 20 au zaidi, hadi kila panya anafanana na mwenzake karibu kama pacha. Kinachotenganisha koo kwa nguvu zaidi ni kundi la jeni linaloitwa H-2, linalozipa seli alama zao za utambulisho, lililoko kwenye kromosomu ya 17. Peter Gorer aliligundua London mwaka 1936, na George Snell, akiwa Bar Harbor huko Marekani, akazalisha panya waliotofautiana kwa kipande hicho tu, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1980. B6 ana aina b, na ukoo mwingine, DBA/2, una aina d. Chotara wako ni mtoto wa hao wawili, kwa hiyo seli zake zinabeba b na d kwa pamoja.

Seli T, askari wa kinga, hufundwa katika tezi ya thaimasi zivumilie kile zinachokikuta mwilini. Seli T za chotara zimekulia kati ya b na d, hivyo seli ya B6 inapoingia, haina aina ya H-2 ambayo hazijaizoea. Seli T za B6 nazo hazijawahi kuiona d. Zikifika kwa chotara zinakutana na d kila upande: kwenye ini, kwenye utumbo, kwenye seli B, watengenezaji wa kingamwili, zilizojaa bandama. Na zinazoweza kuitikia si chache. Katika kila seli T 100, kati ya moja na kumi hivi zinaweza kuamshwa na H-2 ngeni, ilhali dhidi ya kimelea cha kawaida unaweza kukuta moja tu katika makumi ya maelfu. Ndiyo maana mwitikio huu huonekana mapema na kwa nguvu bila chanjo ya awali.

Mwaka 1966 Rupert Billingham aliweka masharti matatu ya ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji: pandikizi liwe na seli zenye uwezo wa kinga, mwenyeji awe na antijeni, yaani alama zinazotambuliwa na kinga, ambazo pandikizi halina, na mwenyeji asiwe na uwezo wa kulitokomeza pandikizi. Watu wengi hudhani sharti la tatu hutimizwa kwa mionzi peke yake. Kwako limetimizwa na uvumilivu wa chotara, na ndiyo faida ya mfano huu: mwelekeo wa vita umeuamua kwa ndoa ya wazazi.

Je, mwenzako amekosea? Hapana, ana hoja, ingawa siyo ile anayoidhania. Mwenyeji chotara si kondoo kabisa. Gustavo Cudkowicz na wenzake walionyesha kwamba chotara aliyepigwa mionzi anaweza kuukataa uboho wa mzazi wake mwenyewe, jambo lililowakera sana wanasayansi walioshika kanuni za upandikizaji, maana kwa kanuni hizo chotara hukubali tishu ya mzazi wake. Baadaye ikaeleweka kuwa ni kazi ya seli za NK, wauaji wa asili wa kinga. Hizi hazitafuti kigeni. Zinakasirishwa na kukosa kile zilichozoea kukiona, na seli ya B6 haina d. Ukataaji huo huuandama uboho zaidi kuliko seli T zilizokomaa, lakini usiufute kichwani.

Kuna kosa jingine ambalo hujaliuliza, nami nimelisoma mara mbili ili nihakikishe: seli za dume ndani ya jike. Tangu 1955, Eichwald na Silmser walipoona majike wa ukoo mmoja wakikataa ngozi ya madume wa ukoo uleule, tunajua kwamba kromosomu Y ina antijeni zake. Majike wenye H-2 ya aina b ni hodari hasa kuzitambua. Siku kumi ni chache kwa ukataaji huo kukamilika, lakini zinatosha kuanza, na sehemu ya uvimbe ulioupima inaweza kuwa inatoka huko. Kwa njia hiyo umempa mwenzako silaha ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Awamu ijayo, jinsia moja pande zote mbili, bila mjadala.

Na kundi lako la ulinganisho? Chotara ambaye hajachomwa chochote hatoshi. Ukimwaga seli milioni 50 kwenye damu, nyingi zitakwenda kutulia kwenye bandama hata kama hazina ugomvi na mtu, na seli zilizokufa njiani zitaamsha usafishaji. Linganisha na chotara aliyechomwa seli milioni 50 za chotara mwenzake, zilizotayarishwa asubuhi ileile, kwa kimiminika kilekile, na mkono uleule. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo inayostahili kuitwa mwitikio. Aliyebaki bila sindano mweke tu akuonyeshe bandama ya kawaida ikoje.

Sasa uzito wenyewe. Kipimo hiki kina heshima yake. Morten Simonsen, Mdenmark, mwaka 1957 aliona bandama za viinitete vya kuku zikivimba baada ya kupewa seli za kuku wakubwa, akakigeuza kuwa kipimo kinachotumika hata kwa vitoto vya panya chotara. Unagawanya uzito wa bandama kwa uzito wa mwili, kisha unagawanya jibu hilo kwa wastani wa kundi la ulinganisho, 1.3 na kuendelea kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwitikio upo. Ni rahisi, na kwa vitoto wa siku chache hufanya kazi vizuri kwa sababu kinga yao bado changa.

Lakini sentensi yako ya «zimezaliana mpaka zikaijaza bandama» ndiyo inayonisumbua. Watafiti walipoanza kutumia panya wenye kromosomu T6, ambayo ni fupi na inatambulika chini ya hadubini, waliweza kuona seli inayogawanyika ni ya nani. Seli za mgeni zilikuwamo, ndiyo, ila za mwenyeji nazo zilikuwa zikigawanyika kwa wingi. Seli T za mgeni zikiamka humwaga saitokini, kemikali ambazo seli za kinga huitana nazo, na hizo saitokini huziamsha seli za mwenyeji zilizo jirani: seli B, makrofaji, hata seli changa za damu. Kuipima bandama kwa mizani ni kama kusikia makelele ya nyumba ya jirani usiku: unajua kuna ugomvi, hujui nani kampiga nani.

Zaidi ya hapo, bandama kubwa haimaanishi mwitikio mkali. Chukua chotara huyohuyo, badala ya seli za B6 mpe za mzazi wa pili, DBA/2. Seli hizo zina uwezo mdogo wa kuzalisha seli T wauaji dhidi ya mwenyeji, hivyo seli B za chotara zinasalimika, zinachochewa, zinaongezeka, na bandama inabaki kubwa kwa wiki nyingi. Panya huishia na kingamwili dhidi ya DNA yake na figo zinazoharibika, picha inayofanana na lupasi, ugonjwa ambapo kinga hushambulia mwili wake yenyewe. Kwa seli za B6 mambo huenda vingine: seli T wauaji, zenye alama ya CD8, huzimaliza seli B za mwenyeji, na bandama iliyovimba mwanzoni inaweza kusinyaa hapo baadaye. Kwa hiyo ukipima kwa mizani pekee siku ya thelathini, mwitikio unaoua seli za mwenyeji utaonekana mdogo, na ule wa polepole utaonekana mkubwa. Mwambie msimamizi wako hivyo hivyo, kwa adabu.

Kama bado utapima uzito, na mimi ningepima kwa sababu haugharimu kitu, jihadhari na kisu. Bandama ya panya mzima ina miligramu 70 hadi 100 hivi. Mkia wa kongosho umelala ubavuni mwake pamoja na mafuta na mishipa, na ukiivuta haraka unaondoka na kipande cha kongosho bila kujua. Ukiacha miligramu 20 za namna hiyo, umetengeneza robo ya matokeo kwa mkono wako. Ilaze kwenye sahani yenye kimiminika baridi, kata mafuta kwa mkasi mdogo ukiangalia kwa lenzi, iguse kwenye karatasi kavu mara moja kila upande, kisha mizani. Kila bandama vivyo hivyo, na anayepima asijue ametoka kizimba gani.

Twende kwenye kile ambacho ningekupendekezea. Tafuta B6 wenye alama ya CD45.1, wanauzwa na wafugaji wakubwa, na hawana tofauti na B6 wa kawaida isipokuwa kipande kidogo cha kromosomu. Chotara wako ana CD45.2. Ukipaka kingamwili zenye rangi kwa alama hizo mbili na kupitisha seli kwenye mashine ya saitometri, kila seli inajitaja yenyewe ni mgeni au mwenyeji. Unaweza pia kumtambua mgeni kwa kukosa H-2 ya aina d, lakini kumtambua mtu kwa kile asichonacho ni hatari: seli iliyokufa au iliyopakwa vibaya nayo haina. Ongeza alama za CD4 (ya seli T wasaidizi), CD8 na ya seli B.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: wanaripoti asilimia. Tuseme bandama ina seli milioni 100 na milioni 5 ni za mgeni. Hiyo ni asilimia 5. Sasa wauaji wamepunguza seli B za mwenyeji hadi bandama nzima imebaki na milioni 40, na za mgeni ni zilezile milioni 5. Asilimia imepanda hadi 12.5 bila seli hata moja ya mgeni kugawanyika. Hesabu idadi yote ya seli za bandama kwanza, kisha zidisha. Andika namba kamili za CD8 za mgeni na namba kamili za seli B za mwenyeji, zote mbili. Ya kwanza inakuonyesha mgeni anakua au anatoweka, na ikiwa inapungua wakati kundi la ulinganisho limetulia, mwenzako ameshinda. Ya pili inakuonyesha kama kuna kuuawa.

Ukitaka kujua zimegawanyika mara ngapi, zipake CFSE kabla ya kuzichoma. Rangi hiyo hushika protini ndani ya seli, na kila seli ikigawanyika kila mtoto hubeba nusu ya mwanga. Siku ya tatu unaona vilima vilivyojipanga, kila kimoja na mwanga nusu ya kilichotangulia. Baada ya migawanyiko saba au minane mwanga unazama usionekane, kwa hiyo siku ya kumi haina faida tena kwa kipimo hiki. Kwa swali lenu la ukataaji, panya wachache wa siku ya tatu wangewamalizia ubishi mapema.

MLR ina nafasi yake, na hujakosea kuifikiria. Unachanganya seli za B6 na za chotara kwenye bakuli lenye vishimo, unasubiri siku tatu hadi tano, unapima ugawanyikaji kwa thimidini yenye mionzi au kwa CFSE. Kabla ya hapo, seli za chotara lazima zipigwe mionzi. Utasema: si tumeambiwa haziwezi kuitikia B6? Ni kweli haziwezi kuitambua, lakini saitokini za B6 zitazichochea zigawanyike, nawe utahesabu kelele za upande usiokusudiwa. MLR inapima uwezo, yaani seli hizi zikikutanishwa uso kwa uso na d zitafanya nini. Haina utumbo, haina bakteria, haina njia ya damu. Nimeona mchanganyiko wenye MLR moto ukitoa ugonjwa mwepesi, na kinyume chake. Itumie kuhakiki kwamba seli zako zi hai na zina nguvu kabla ya kuzichoma, isiwe jibu lako la mwisho.

Vifo sikushauri. Chotara aliyekomaa asiyepigwa mionzi anaweza kuwa na mwitikio mkubwa na bado anakula vizuri, kama ulivyoona mwenyewe, ungesubiri bure. Isitoshe, agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti linataka kifo kiepukwe kama kikomo cha jaribio kadiri iwezekanavyo. Ugonjwa kamili huonekana kwenye mfano mwingine, ambapo mwenyeji hupigwa mionzi mikali kisha hupewa uboho pamoja na seli T. Hapo lazima uwe na kundi lililopewa uboho uliosafishwa seli T, maana mionzi pekee hukondesha wiki ya kwanza, na uzito unaoshuka mara ya pili ndio wa ugonjwa. Korngold na Sprent walionyesha mwaka 1978 kwamba ukiziondoa seli T hizo zilizokomaa, panya wanapona. Watu hutoa alama 0 hadi 2 kwa kila moja ya mambo matano, uzito, mkao, uchangamfu, manyoya na ngozi, jumla 10. Kipimo hicho ni kizuri kikifanywa na mtu asiyejua makundi, na kibovu kabisa kikifanywa na mwenye mradi.

Katika mfano huo kizimba nacho ni mshiriki. Panya hula mavi ya wenzao, kwa hiyo bakteria wa utumbo hufanana ndani ya kizimba kimoja, na utumbo ndipo ugonjwa huu unapochukulia moto. Kundi la Dirk van Bekkum huko Uholanzi liliripoti mwaka 1974 kwamba panya wasio na vijidudu waliugua kwa wepesi kuliko wenye vijidudu. Ukiweka kundi zima la matibabu kizimba kimoja na la ulinganisho kingine, huwezi kutenganisha tiba na mavi.

Njia ndogo ya kati, ikiwa panya ni wachache, ni tezi ya limfu ya nyuma ya goti. Mguu mmoja unapata seli za mzazi, wa pili seli za chotara, na siku ya saba unalinganisha kulia na kushoto, kila panya akijilinganisha na nafsi yake. Siku hizi wengi huchoma kwenye kifundo badala ya unyayo, panya asichechemee. Tezi ya kawaida ina miligramu moja au mbili tu na inafanana mno na mafuta; itumbukize kwenye maji ya chumvi, tezi huzama, mafuta huelea. Nayo bado ni uzito, kwa hiyo ina udhaifu uleule wa bandama.

Namba moja ya msimamizi? Mpe idadi ya seli B za mwenyeji siku ya 14, ikigawanywa kwa wastani wa kundi la chotara kwa chotara. Kwa mfano wako wa B6 hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na madhara yenyewe. Lakini iandikeni kwenye mpango kabla ya kuona matokeo, na CD8 za mgeni ziripotiwe pembeni yake. Ukiichagua namba baada ya kuona iliyopendeza, hakuna mtakwimu atakayekuokoa.

Na kuhusu watu: mtakwimu mwone kabla ya kuagiza panya, umuulize idadi na jinsi ya kuwagawa kwenye vizimba. Kubadili jinsia au ukoo, kuongeza idadi au kuingiza mionzi kunataka kibali kirekebishwe. Afisa wa ustawi wa wanyama wa chuo chako atakuelekeza, usianze kwanza ukaomba radhi baadaye. Panya akijikunja mgongo, akisimamisha manyoya au akipoteza uzito hadi karibu na kikomo cha kibali, mpigie daktari wa wanyama siku hiyohiyo, si Jumatatu. Mwendeshaji wa saitometri akae nawe kwenye usomaji wa kwanza, kwa sababu mipaka ya kutenganisha seli kwenye skrini haifundishiki kwa barua kama hii. Na vipande vya ini na utumbo vipelekwe kwa mwanapatholojia aliyezoea panya. Jicho lililozoea tishu za binadamu hudanganyika.

Zile bandama ulizokwisha kupima usizitupe. Kama ulibakiza seli zilizogandishwa zikiwa hai, ziyeyushe uzipime kwa H-2 ya aina d, angalau ujue kama mgeni alikuwepo siku ya kumi. Usizitumie kuhesabu idadi kamili, kwa kuwa kuganda na kuyeyuka huua seli T na seli B kwa viwango tofauti. Kwenye ripoti futa ile sentensi ya kujaza bandama, andika kwamba bandama ziliongezeka uzito, kwamba mtoaji alikuwa dume na mpokeaji jike, na kwamba kundi la ulinganisho halikuchomwa. Ukipata matokeo ya awamu ya pili niandikie, hasa ya siku ya tatu.